Kitovu cha Mutoto wa Umulisa

Bihambwe, tarehe 9 mwezi wa kumi, 2012

Mpendwa kaka yangu Nshuti,

Nakusalimia sana kutoka huku kambini. Baridi ya Ulaya inakupiga bado? Kile kifua chako kilipona? Siye tuko wazima, Mungu anatulinda. Papa Sebarenzi analalamika magoti, lakini anakula. Barua hii nimeipatia Mama Kasoki, mufanyabiashara wa Butembo, aifikishe Goma, kwa sababu sitaki tena kusema maneno ya nyumba mu telefone.

Mudogo wetu Umulisa alizaa wiki iliyopita, mutoto musichana. Wote wawili wako muzuri.

Sasa nikuulize. Siku mbili kabla ya kuzaa, muntu mumoja alifika na pikipiki, glasiere, lile sanduku la barafu, mu mikono, akasema ni wewe ulimutuma. Anataka kitovu cha mutoto kingali kibichi! Kwa watu wa nje, ile mimba nilikuambia wewe tu, mu telefone.

Alieleza sawasawa vile ulinielezaka: kule kazini kwako munafuma katiyo kadogo, kama mupira wa maji, ka nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, munapanda ndani selile za kitovu, vile vipande vya mwili visivyoonekana na macho, zinakomaa, nyuzi zinayeyuka, kunabaki mushipa wa damu wa kuwekea mugonjwa. Papa aliposikia selile akakamata fimbo. Yeye selile anayoijua njo ile ya kashoti, chumba cha gereza, walimufunga miezi ine mu vita ya kwanza. Na mimi bado sielewi: nyuzi zikiyeyuka, ni nini inashikilia damu? Na kule Ulaya akina mama hawazai?

Unajua kitovu ni nini kwetu. Chako kilizikwa kule nyumbani Nyamitaba, changu pia. Hapa kila siku wanatuuliza sisi ni watu wa wapi, halafu cha huyu mutoto kipite mu bariere zote za askari na muntu nisiyemujua?

Basi aliporudi siku ile mutoto alizaliwa, nilimudanganya. Ng'ombe ya jirani yetu Mukankusi ilikuwa imezaa jana yake. Nikakata kitovu cha ndama, nikafunga mu mufuko, nikamupa. Aka! Alishukuru mpaka akainama. Muntu wa kazi ya damu angekosa kujua? Kama kilikufikia, kaka, tafadhali usikiweke mu moyo wa muntu.

Cha mutoto ninacho mimi, mu kitambaa. Tutakizika siku tutarudia nyumbani.

Kama ni wewe ulimutuma, sema wazi. Nitakukaripia na itakwisha. Kama si wewe, kuna muntu anasikiliza maneno yetu, na sasa anajua mahali mutoto analala. Nimeogopa, Nshuti. Ukijibu, andika jina la ng'ombe ile maziwa yake yalikulisha mwaka Mama alikufa. Hakuna mugeni analijua. Jibu likifika bila jina hilo, tutahama siku ileile.

Papa na Umulisa wanakusalimia. Umusalimie muke wako Hélène. Mungu akufunike kule macho yetu hayafiki.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata leo nikiwa nakuogopa,

Athanasie