Kikohozi Nilichopewa na Wifi

Shoga usinipigie, nina hasira hata sauti haitoki.

Unajua tangu ugonjwa huu wa kikohozi uingie wateja wa saluni wamepotea, mimi na wifi tunagombania kichwa kimoja kutwa nzima. Leo namsikia nyuma ya pazia linalogawa saluni yetu anamnong'oneza mteja WANGU: "Usisuke kwake, anakohoa."

Anakohoa. Mimi. Mke wa kaka yangu kabisa anasema hivyo.

Mteja katoka mbio, karudi na bwana afya kashika kufuli. Mlango wetu ni mmoja, kwa hiyo nikikutwa nakohoa tunafungiwa wote. Hapo ndipo wifi kaanza kubembeleza: "Bwana afya, huyu mzima, nilikuwa natania tu."

Bwana afya kanigeukia. "Dada, unakohoa?"

Shoga, nimekohoa mpaka machozi yakanitoka.