Baba, Ulituficha Ugonjwa wa Mama

Baba mpendwa,

Siku tuliyokuzika, katikati ya hotuba za walimu wenzako, Mama aliniegemea begani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu ameenda wapi? Wageni wamejaa nyumbani namna hii na yeye haonekani."

Jeneza lako lilikuwa hatua tano mbele yetu. Nilimtazama usoni nikitafuta uchungu, maana nilidhani ni uchungu unaomsemesha. Sikuuona. Nilichoona ni wasiwasi wa mwenye nyumba ambaye mume wake amechelewa kupokea watu. Nikamshika mkono nikamwambia unakuja. Ndilo neno la kwanza lililonitoka.

Waliokuwa karibu walisema ni mshtuko wa msiba, utapita. Ndugu yangu Wandera naye alisema hivyo kabla hajarudi kazini kwake Nairobi. Mimi nikaomba ruhusa ya wiki mbili pale ofisini Malaba, mpakani, ninakoshughulikia karatasi za mizigo, nikabaki na Mama huku Bukhayo, nikijua namsindikiza katika maombolezo.

Siku ya tatu alinikuta jikoni nikichemsha chai. Alinisalimia vizuri, "Mulembe," kisha akaniuliza nimetoka upande gani, na kama wazazi wangu bado wako hai.

Nilikaa kwenye kigoda. Alinihurumia. Alinimiminia chai yeye mwenyewe, kikombe kikafurika, chai ikamwagika mezani hadi sakafuni, naye anaendelea kumimina huku akinitabasamia.

Mchana wake nilifungua kabati lako kutafuta shati la kumpa Baba Mdogo, kama desturi inavyotaka. Nyuma ya vitabu vyako vya jiografia nilikuta bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki zenye jina la Mama, pakiti tupu za vidonge zilizofungwa kwa mpira, na barua ya daktari wa Kisumu. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikairudia nikiwa nimekaa. Ilisema Mama ana ugonjwa wa Alzheimer, na kwamba mumewe ameelezwa na amekubali kumsimamia dawa. Ilikuwa na umri wa miaka minne.

Miaka minne, Baba. Na mimi nilikuwa Malaba, safari isiyomaliza saa moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi nyuma katika kumbukumbu zetu kama mtu anayekagua nyumba iliyovunjwa. Kila nilipopiga simu ulisema Mama yuko shambani, au ameenda kanisani, au amelala kidogo. Nikiomba kuongea naye ulimpa simu, lakini ulikaa pale pale, na nilisikia sauti yako ikimnong'onezea jina langu. Nilidhani mnataniana. Krismasi ile ya mwisho ndiwe uliyesonga ugali, ukasema umestaafu kufundisha na sasa unajifunza kazi ya maana. Tulicheka sote. Mama alicheka pia, nusu dakika baada yetu, akiangalia nyuso zetu ili ajue ni saa ya kucheka.

Na cherehani yake. Mwanamke aliyeshonea nusu ya watoto wa Matayos sare za shule, aliyekuwa akimtazama mtoto mara moja na kumkatia kaptula bila futi, uliniambia ameacha kushona kwa sababu ya macho. Nilimnunulia miwani. Ulinishukuru sana kwa ile miwani, Baba. Ulinishukuru ukijua.

Halafu kuna siku ulipokuja ofisini. Hii ndiyo inayoniamsha. Kulikuwa na foleni ya malori hadi mbali, wenye mizigo wananipigia simu pande zote, na wewe ukaingia na kofia yako mkononi, ukasema ulikuwa unapita tu. Mtu hapiti tu Malaba akitoka Bukhayo. Nilikuagizia soda. Ulikunywa polepole, ukingoja nimalize simu moja, na ya pili, na ya tatu. Mwishowe ulisema, "Mama yako siku hizi anachoka." Bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zangu nilikujibu umnunulie vitamini. Ulitabasamu, ukamaliza soda, ukaniambia nisikae na njaa. Nilikutazama ukivuka barabara kati ya matrela na sikuwaza chochote.

Kazi yangu ni kukagua karatasi nione kisicho sawa. Watu wananilipa kwa hilo.

Nilimpeleka Mama kwa yule daktari wa barua. Ni mama wa makamo, mpole, anayeongea kana kwamba hana mgonjwa mwingine. Alikukumbuka. Alisema ulikuwa ukibeba daftari na kuandika kila anachosema. Mimi nilikuwa sina hata kalamu. Alinieleza kwamba seli za ubongo wa Mama zinakufa kidogo kidogo, na kwamba ugonjwa huanzia mahali panapotunza mambo mapya, ndiyo maana anajua majina ya wasichana aliosoma nao na hajui kama amekula asubuhi. Akasema si uzee wa kawaida, wala si kurogwa, wala si adhabu ya mtu yeyote.

Nilimuuliza kuhusu vidonge vyako, ile donepezil. Nilitaka aniambie vinaponya. Hakuniambia hivyo. Alisema seli za ubongo huongea kwa kupitishiana kemikali fulani, na kwa Mama kemikali hiyo imepungua. Kidonge kinaizuia isivunjwe haraka, ili seli zilizobaki ziendelee kusikilizana kwa muda. Kuna wanaosaidika sana, kuna wanaosaidika kidogo, na ugonjwa wenyewe hausimami. Kwa kuwa Mama alikuwa amekaa wiki kadhaa bila dawa baada ya wewe kuondoka, alimwanzishia tena kipimo kidogo, akampima mapigo ya moyo, akaniambia niangalie kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kizunguzungu.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimeiva. Na hapa ndipo penye jambo ambalo lazima nikuungamie.

Mama hakuwa analala. Nilikuwa nimerudi kazini, natoka Bukhayo alfajiri na kurudi jioni, na jirani yetu Mama Auma alishinda naye mchana. Nilichoka hadi nikaweka muhuri kwenye karatasi zisizo zangu. Siku moja nilivuka ng'ambo upande wa Uganda kwa shughuli za ofisi, nikaingia duka la dawa, nikaomba kitu cha kumsaidia mama mzee kupata usingizi. Nikapewa vidonge vya mafua, vile vinavyolegeza mtu. Havikuhitaji karatasi ya daktari. Niliona ni kitu kidogo. Kila jioni nikawa nampa kidonge chako kwa uji, na juu yake nampa changu.

Alilala. Nilimshukuru Mungu.

Wiki ya pili alianza kuona watoto wamejaa sebuleni wakingoja kupimwa sare. Mdomo ulimkauka hadi akashindwa kumeza ugali. Mkojo ukawa taabu. Mama Auma alinipigia simu mchana mmoja akasema Mama ameanguka mlangoni, na ameshindwa kutamka hata jina lake mwenyewe. Nilidhani ugonjwa umezidi ghafla. Nilimpigia Wandera tukalia wote wawili, tukaanza kuzungumza kama watu wanaojiandaa kwa msiba mwingine.

Huko Kisumu daktari alimpima, akaniuliza anatumia dawa gani nyingine. Nikasema hakuna. Akauliza tena, hata ya kikohozi, hata ya usingizi. Ndipo nikafungua mkoba nikampa ile pakiti.

Aliigeuza, akasoma nyuma. "Dada," akaniambia, "hiki kinazuia kemikali ile ile ambayo kile kingine kinajaribu kuitunza. Umekuwa ukiwasha taa na kuizima kwa wakati mmoja."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Nilimtazama Mama pale kitandani, midomo imepasuka, vidole vikikunja ukingo wa shuka kana kwamba anapinda pindo la sketi, na nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya ule upungufu haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa ya mkono wangu. Nilitoka nje nikashika ukuta. Nesi aliyekuwa akipita alinifuata akasema nisijimalize, wanaona familia nyingi zikifanya hivyo hivyo, kwa upendo ule ule. Haikunituliza, bado hainitulizi. Ndiyo maana naandika barua hii mahali watu wanaweza kuisoma. Mwenye mzazi kama Mama na abebe kila kidonge kilichomo nyumbani, hata kile cha mafua, akimwage mbele ya daktari.

Mama aliachishwa vile vidonge vyangu. Baada ya siku kadhaa watoto wa sebuleni walipungua, kisha wakaenda zao. Anakula. Anatembea na Mama Auma hadi mtoni na kurudi. Hakurudi kuwa yule uliyemwoa, wala daktari hakuniahidi hilo, lakini alirudi pale ugonjwa ulipokuwa umemfikisha, na nimejifunza kulishukuru hilo.

Nina hasira nawe, Baba, na sitakuficha kama ulivyonificha. Ungenikamata mkono ile siku ofisini. Ungenyanyua zile karatasi ukazitupa chini. Lakini pia nimekuwa nikimvalisha Mama kwa miezi hii, najua inavyochukua nusu saa kumshawishi kwamba mkono huu ni wa tundu hili, na nikikufikiria ukifanya hayo peke yako miaka minne, kisha ukinijibu simu kwa sauti ya mtu aliyestarehe, hasira inakosa pa kukaa.

Mwanzoni, kila alipokuulizia nilimwambia umefariki. Nilidhani ni heshima kumwambia ukweli. Alilia kila mara kama anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Nilimfiwisha mume zaidi ya mara kumi kabla sijajua la kufanya. Daktari alinishauri niache kumpa habari hiyo kila anapouliza, nimuulize badala yake anakukumbukaje.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa mlangoni namsuka nywele. Akaniambia amesikia watu wakimtaja mwalimu mmoja wa hapa Bukhayo. Akataka kujua kama nilimfahamu.

"Nilimfahamu," nikasema.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamsimulia. Kwamba mwalimu huyo alikuwa na mke aliyeanza kusahau, naye hakumwambia mtu. Kwamba alijifunza kusonga ugali akiwa mzee. Kwamba alimnong'onezea mkewe majina ya watoto wake ili asiaibike kwenye simu, na kila jioni alimpa dawa kwa uji, na hakukosa hata siku moja hadi alipoondoka. Alinisikiliza kwa makini sana, kichwa chake mikononi mwangu.

Kisha Mama akasema, kwa haya kidogo kama msichana, "Mimi ningeolewa na mtu kama huyo."

Pumzika, Baba. Dawa ya leo ameshakunywa.

Mimi,
binti yako wa kwanza.