Kilima Nimekishinda, Sukari Imepanda

Jumamosi, 3 Januari
Dokteri Olga amenipa muda hadi Ramadhani. Sukari ya damu, asubuhi kabla ya kula, ni gramu 2,1 kwa lita. Ishuke hadi 1,4, la sivyo sifungi mwaka huu. Dawa zake na njaa haviendi pamoja, kasema. Mi nisifunge! Niliyeanza kuuza boliti za magari juu ya gunia hapa Buyenzi, jua la kichwa, na sikuacha saumu hata siku moja. Mtoto wa juzi ananipangia!
Bon. Lengo: kukimbia kila Jumamosi na klabu ya siporo ya mtaa. Leo nimeanza. Kilima cha Gihosha nimekipanda kwa miguu ya mgonjwa, vijana wananipigia makofi. Aibu tupu. Lakini Jumamosi moja imeingia.

Jumamosi, 24 Januari
Nne kwa nne. Na leo nimefika juu bila kusimama!
Klabu ina desturi: asiyesimama ananunuliwa fanta mbili baridi na ndizi za kukaanga, na wote wanaimba jina lake. Kapiteni wetu, Vainqueur, kasema mzee huyu kafungwa mota mpya. Nilizinywa zote mbili. Nilistahili.
Nyumbani nikamwambia mke wangu aongeze ugali. Khadidja kauliza, wa pili huo? Wa pili. Mtu wa siporo lazima ale.

Jumamosi, 14 Februari
Saba kwa saba. Hakuna kijana aliyenifikia, hata Vainqueur alikosa mara mbili. Fanta zangu, ndizi zangu, jina langu limeimbwa hadi mtaa wa Ngagara. Nimewaambia wote sokoni kwamba Ramadhani hii nitaifunga kama mtoto wa miaka ishirini. Kesho kutwa, kipimo.

Jumatatu, 16 Februari
2,4.
Nikamwambia dokteri mashine yake imekufa. Akapima tena. Ileile. Nikamhesabia mbio zangu, saba bila kukosa. Akauliza nakunywa nini baada ya mbio. Nikajibu. Akauliza nakula nini nyumbani. Nikajibu kwa sauti ndogo.
Hakucheka. Afadhali angecheka. — Mzee, mi sikukuomba mbio. Nilikuomba sukari ishuke.
Mi ninayemtimua muuzaji akiniambia ametembea mji mzima kutwa! Huwa namwambia sitaki kutembea kwako, umeuza ngapi? Na mimi nimetembea. Nimeuza sifuri. Chini ya sifuri! Kila nilipokimbia vizuri zaidi, ndivyo walivyonijaza sukari zaidi, na mi nashangilia.
Nimerudi kwa njia ya nyuma nisionane na mutu wa klabu.

Jumanne, 17 Februari
Jirani wa duka langu la vipuri, Faruk, ana utani kila siku. Leo kalalamika sukari haipatikani Bujumbura nzima, kilo moja inatafutwa kama dhahabu. Yeyote anayeificha, kasema, Mungu amwone. Watu wakacheka. Nikacheka. Ninayeificha ni mimi.
Lengo jipya, naliandika vizuri: 1,4 ifikapo Mei. Basi. Kinachoishusha nitafanya, kisichoishusha nitaacha, hata kama wananiimbia.
Kuandika ni rahisi. Kufunga je?

Jumatano, 18 Februari
Kesho ndiyo saumu ya kwanza. Khadidja kauliza kipimo kilikuwaje. Kizuri, nikasema. Kizuri ngapi? Ndiye mke niliyemfundisha kuuliza hivyo! Nikamwambia ukweli, macho chini.
Kasema basi hufungi, Baba Fadhila, mgonjwa ana ruhusa, mchana nitakuletea chakula dukani. Nikamwambia apana, usilete, watu wataona. Kauliza, unamfungia Mungu au unamfungia Faruk?
Nimekasirika hadi sasa. Nimekasirika kwa sababu amepatia.

Alhamisi, 19 Februari
Dukani, saa saba mchana. Sikunywa hata chai asubuhi, ili nifanane na wengine. Dawa nilimeza. Tangu saa tano mikono inatetemeka, jasho baridi. Nimemuuzia mteja filta ya bei kubwa kwa bei ya plagi. Mimi!
Khadidja amekuja. Kaniona tu, kavuta kiti, kafunua bakuli juu ya meza, mbele ya kila mutu: maharage, mchicha, ugali kidogo sana. Yeye amefunga. Nimejifanya naandika hesabu, nisiinue kichwa. Ndiyo haya ninayoandika.
Kanishikisha kijiko mkono wa kushoto, wa kulia una kalamu.
Faruk ameacha wateja wake, amesimama mlangoni kwangu. — Eh, mama, chakula cha nani hicho siku ya leo? Kuna mgonjwa hapa?
Khadidja hajibu. Anaweza kujibu, lakini hajibu. Ananitazama mimi. Kalamu inanitoroka vidoleni na Faruk bado anangoja. Basi naiweka chini, kijiko kihamie mkono wa kulia.