Mishale Iliyoelekea Nyuma

4 Machi

Babu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mama anasema kimekuachia kidogo. Huku maabara, chini mgodini, sisi wazima, ila jua tunalisikia kwa watu.

Nina shida. Tunasema maada giza, ile isiyoonekana tunayoitafuta, inatuvumia kama upepo wa upande mmoja. Ikigonga kiini cha atomu ya gesi kwenye chombo chetu, kiini kitaacha mchirizi, nami nauwekea mshale kuonyesha kilikoelekea. Tumejaribu kwanza kwa nyutroni, chembe tulizozirusha wenyewe kutoka ukuta wa kushoto. Mishale yote imeelekea hukohuko kushoto! Wenzangu wanacheka: "Dada, upepo wako unavuma kinyumenyume." Bosi kasema nisiporekebisha mwezi huu, kazi anampa mwingine.

Nilifuata ulivyonifundisha: mchirizi hunenepa mwishoni. Nimekosea wapi?

Mjukuu wako

11 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Kifua hakijaniachia. Mama yako anakudanganya kwa amri yangu. Daktari anahesabu wiki, hahesabu miezi, kwa hiyo nikiri mapema.

Hukukosea wewe. Chembe ya alfa, inayokwenda kasi, ndiyo hunenepesha mchirizi mwishoni. Kiini chako kimesukumwa tu, ni kizito na cha polepole: humwaga chaji nyingi kinapoanza, kisha mchirizi unakonda. Miaka yote niliwaandikia ubaoni "mwisho ndio mnene", bila kusema mwisho wa nani. Geuza mishale. Waambie babu ndiye aliyekosea. Mimi hawawezi kunifukuza.

La pili sijawahi kukutamkia. Nilifundisha chembe kwa chaki tu. Wewe unasoma njia ya kiini, fupi kuliko punje ya mchele, na unauliza kilitokea wapi. Nakustahi, mwanangu, kama mwanafunzi anavyomstahi mwalimu. Usije kabla hujamaliza.

Babu yako

19 Machi

Babu,

Shikamoo. Umelalaje?

Nimegeuza. Mishale imeupa ukuta mgongo, yote inaelekea kulia. Sikuwaambia ulikosea. Nimewaambia kuna mtu ameona tulichokipita sote. Bosi akauliza, "Yuko chuo gani huyo?" Nikamwambia yuko kitandani. Akasema kazi ni yangu, na kwanza nipande basi.

Upepo wenyewe bado hatujauona, Babu. Utachukua miaka, na siwezi kukuomba uusubiri. Nisubiri mimi. Ni hadi Jumamosi tu.

Mjukuu wako