Mke Mkubwa Niliyemwigiza

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na hao pacha ambao nasikia sasa wanapanda ngazi mbio kuwashinda watu wazima. Mgongo unaendeleaje? Kazi ya kuinua wagonjwa si ya mchezo, usijitie ushujaa. Sisi huku hatujambo. Mama yako, Mama Mkubwa wangu, goti bado linamsumbua asubuhi, ila likishapata joto anatembea vizuri. Mama yangu ana mafua, na anayakana mbele ya kila mtu.

Ujumbe wako niliupata. Uliandika mstari mmoja tu: "Mkimaliza kumpamba mama yangu, mniambie." Nimekaa nao muda bila kujibu, kwa sababu jibu lake si la kwenye simu.

Unajua kwamba kwenye tamthilia ile mimi ndiye mke mkubwa. Nilipopewa nafasi hiyo nilicheka peke yangu: mtoto wa mke mdogo kuigiza mke mkubwa. Basi nikamchukua Mama Mkubwa mzima mzima, anavyofunga kitambaa cha kichwa, anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Watu wakampenda. Sokoni muuza samaki ananiita Mke Mwema na kunichagulia wale wabichi wa chini.

Kisha ikaja sehemu uliyoiona. Mume anamleta bi harusi, nami nampokea mlangoni kwa tabasamu, nachukua begi lake, nampeleka chumbani. Tamthilia nyingi zina wake wenza wa aina mbili tu: wanaowekeana sumu, au wanaochekeana kama tangazo la dawa ya meno. Sisi tulijiona tumefanya la maana kuchagua hao wa pili.

Tulikuwa tunatazama sote watatu, mimi na mama zetu. Mama Mkubwa akainuka katikati, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kesho yake nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamuuliza kama nimemkosea.

"Umeigiza vizuri," akasema. "Ila yule mwanamke hana moyo, ana meno tu."

Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Siku mama yako alipoletwa nilimpokea begi, kweli. Nikatabasamu, kweli. Halafu nikaingia bafuni, nikafungulia bomba lipige kelele."

Sikujua kwamba mama yangu amesimama nyuma yetu, na sinia la mboga mkononi.

"Ndoo ilijaa, maji yakamwagika mpaka ukumbini," mama akasema. "Nilikusikia, dada. Nikafika mpaka mlango wa bafu, nikarudi."

"Ulirudi kwa nini?"

"Ningekubembelezaje, na mimi ndiye niliyekuliza?"

Dada, hawa watu wameishi nyumba moja miaka yote hii, wametulea, wamemuuguza baba mpaka wakamzika, na neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwa yeyote. Mama Mkubwa aliendelea na mchele wake. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nilikuchukia muda mrefu. Ilikwisha, lakini sijui ilikwisha lini."

"Mimi najua," mama akajibu. "Ulipoanza kunigombeza mbele za watu."

Wakacheka, kicheko kifupi, kisha mama akavuta kigoda akakaa.

Kulikuwa na tukio moja ambalo tulikuwa hatujalirekodi: mke mkubwa anatandika kitanda cha mwenzake. Nikamwomba Mama Mkubwa ruhusa nilitumie lile bomba. Akakataa. "Bomba ni langu," akasema. "Tafuta lako."

Mwongozaji naye alisita. "Ama apigane, ama atabasamu. Hapo katikati nani atakaa kutazama?" Hata hivyo aliniacha nijaribu mara moja. Nikatandika shuka, nikalinyoosha, nikarudia kulinyoosha pale pale palipokwisha nyooka, halafu nikakaa kitandani na miguu ikakataa kuniinua. Binti anayeigiza mke mdogo akaingia kama ilivyoandikwa, akaniona, maneno yake yakampotea. Akabaki amesimama tu mlangoni. Mwongozaji hakutukatiza.

Sehemu hiyo ilirushwa juzi. Wapo walionuna kwamba Mke Mwema ameharibika. Muuza samaki hakuniita jina lolote. Alinifungia samaki taratibu, akauliza, "Yule mama aliinuka mwenyewe, au aliinuliwa?" Nikamwambia sijui, haijaandikwa bado.

Nyumbani Mama Mkubwa alitazama mpaka mwisho. Hakusifu. Mama yangu akasema, "Mimi wa sasa nisingebaki mlangoni." Mwenzake akamwambia anyamaze, anataka kusikia televisheni.

Sikuandikii ili umpende mama yangu zaidi ya unavyoweza. Hilo ni la moyo wako, na sitaliingilia. Aliyenituma ni Mama Mkubwa mwenyewe, maana anasema kwenye simu sauti itamkatika. Anasema siku ile ya bomba ulikuwa mtoto mdogo, ukamfuata jikoni ukamuuliza kwa nini macho yake ni mekundu. Akakwambia ni sabuni. Ukakataa, ukasema mama unalia, naye akakufokea mpaka ukatoka nje. Anataka ujue kwamba uliona sawasawa. Haikuwa sabuni.

Nisalimie shemeji, na pacha uwakumbatie mmoja mmoja wasije wakagombana. Kaka fundi umeme anakusalimu sana, na mkewe pia. Mama yangu anasema upunguze kubeba vizito. Mungu akutangulie katika kila zamu, akupe usingizi mzuri ukitoka kazini, na akulete tukuone.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
wa baba mmoja na mama wawili.