Majoho ya Anti Roseline Hayaonekani kwa Simu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimetoka duka la Anti, soko la Jericho, kichwa kinauma kwa kelele. Anti Roseline na mafundi wake wawili, Mwongeli na Ndeti, wana desturi yao. Wakimaliza sala ya asubuhi, kabla cherehani haijaguswa, kila mtu anatoa simu na kuandika kwa Google: majoho ya kwaya Nairobi. Duka lao juu kabisa! Halafu vigelegele. Kila siku ya Mungu!

Nikauliza, basi wateja wako wapi? Pasaka inakuja, wakati huu kwaya zingekuwa zimejaa mlangoni zikipimwa. Leo ameingia mtu mmoja, na alitaka zipu tu.

Baadaye Anti akaniambia kando, huku akikunja kitambaa, kwamba Pasaka ikipita hivi atafunga duka abebe cherehani zake arudi nyumbani Ugunja. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi nilitaka kulia. Huyu ndiye aliyenilea. Duka hilo ndilo lililonisomesha hadi nikajua hii kazi ya kutengeneza tovuti. Sitaki lifungwe. Basi.

Alhamisi, 6 Februari

Jioni nzima hapa kwangu mtaa wa Fedha nimekaa na tovuti yao. Ai! Kumbe ziko mbili! Moja ya kompyuta, imejaa picha safi: lile joho la zambarau, lile la kola ya kitenge ambalo Anti alilibuni mwenyewe. Nyingine ni ya simu, na anwani yake tofauti. Ina nini? Nambari ya duka, picha moja yenye ukungu, na salamu za Krismasi ya zamani.

Alizitengeneza Sylvance, mpiga kinanda wa kanisa lao. Bure, kwa moyo mweupe. Enzi hizo ndivyo watu walivyofanya, sina ubaya naye. Lakini siku hizi Google inasoma ile ya simu kwanza, na inapanga watu kwa ile. Kisichokuwa huko ni kama hakipo. Kazi yote ya Anti — haipo!

Kuna njia mbili. Tuijaze ile ndogo, halafu kila picha mpya iwekwe mara mbili, huku na kule, milele. Ama tuwe na tovuti moja tu, inayojipanga yenyewe kwa skrini yoyote, kubwa au ndogo. Sasa nani ataweka picha mara mbili? Ndeti? Ndeti anayesahau hata simu yake kwa chaja? Mimi nasema moja.

Jumamosi, 8 Februari

Nimewaambia. Heri ningenyamaza!

Anti ameuliza mbona nibomoe kitu kinachoongoza Nairobi nzima. Nikamweleza kwamba simu inazoea, inakuletea juu kile unachofungua kila siku. Wamecheka hadi Mwongeli akadondosha pini. Simu ni chuma, akasema Anti, chuma hakina upendeleo. Ndeti naye akauliza kama nina wivu na Sylvance. Wivu! Mimi! Nilichomjibu sikiandiki hapa.

Nimerudi bila hata kunywa chai. Sijawahi kuikataa chai ya Anti.

Jumatatu, 10 Februari

Leo! Simu ya Mwongeli iliangukia kwenye ndoo ya maji jana, akanunua nyingine. Asubuhi baada ya sala akaandika yale maneno yao. Duka halipo. Akateremsha skrini, akateremsha. Majoho ya watu wengine tu. Woi, tumefutwa!

Anti akanipigia niko kazini. Hakuna salamu, hakuna nini. Clare, umetufanya nini? Haki iliniuma. Sijagusa kitu! Hata paswadi sina!

Saa ya chakula nikaenda, nikamshika mkono, tukazunguka. Issack wa duka la dawa akatupa simu yake tutafute. Hatupo. Jamaa wa misumari na rangi, hatupo. Mama wa nyanya, pale pale mkabala, naye akaandika kwa yake. Hatupo. Na akamuuliza Anti, kumbe Mama Owino unashona majoho? Nilidhani ni sare za shule.

Anti alirudi polepole, akakaa kwa stuli ya Ndeti. Kwa hivyo, akasema, tumekuwa tukijipigia makofi wenyewe. Nilijua niko sawa na sikufurahi hata kidogo. Mwongeli alikuwa anafuta macho kwa kipande cha bitana.

Halafu Anti akataka nimweleze tena, pole pole, bila hasira yangu. Nikaeleza. Akashika joho lililokuwa limening'inia, akalivuta upana. Kumbe unataka joho, akasema, si suti. Suti unapima mtu mmoja. Joho unalikata kwa upana, soprano mwembamba anaingia, besi mwenye kitambi anaingia, na wote wanapendeza. Sasa mbona hukusema hivyo Jumamosi?

Nilimkumbatia hapo hapo. Chai nikanywa vikombe viwili.

Jumatano, 12 Februari

Sylvance. Nimemwogopa wiki nzima bure! Nilifikiri atanuna, maana ndiye mwenye paswadi. Amecheka mpaka akavua miwani. Hicho kitu bado kinaishi? Yeye alidhani tulishakitupa kitambo.

Ametoa paswadi zote. Na ana akili, lazima nikubali. Amesema ile anwani ya zamani ya simu tusiiue tu, kila ukurasa wake umpeleke mgeni moja kwa moja kwa ukurasa mpya unaofanana nao. Ukihama nyumba kwa plot unamwachia jirani neno, wageni wako wasipotee. Hiyo nilikuwa nayo kwa mpango, lakini nikamwachia aseme.

Ijumaa, 21 Februari

Imeisha! Tovuti moja. Nimeifungua kwa kompyuta, kwa simu yangu, kwa kile kisimu cha Mwongeli. Kola ya kitenge inaonekana hadi nyuzi.

Sheria mpya ya duka: hakuna kujitafuta. Ndeti amenaswa leo nyuma ya pazia la kupimia. Ameomba msamaha huku bado anateremsha.

Jumatano, 5 Machi

Bado. Anayetutafutia sasa ni Issack, kwa sababu simu yake haitujui. Leo anasema tuko ukurasa wa pili. Wa pili! Kutoka kusikojulikana! Nimeruka pale kwa duka la dawa, wagonjwa wakanitazama.

Lakini nilipoingia kwa Anti nimekuta cherehani moja imefungwa kwa shuka, tayari kwa safari. Nina woga, lakini matumaini ninayo, na nitayashika.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa dukani, juu ya meza ya kukatia. Simu ya Anti imelia sasa hivi, nambari ngeni. Ameweka sauti kubwa. Ni mwanamume, anaitwa Kweyu, anaongoza kwaya ya kanisa moja la mtaa wa Huruma. Anataka lile joho la kola ya kitenge.

Ndeti ameachilia mkasi. La kola ya kitenge! Lile ambalo halijawahi kuonekana kwa simu!

Anti hakuuliza vipimo. Hakuuliza rangi. Ameuliza, umeliona kwa kompyuta ama kwa simu? Jamaa ameshangaa. Kwa simu, mama, kompyuta nitoe wapi?

Anti ameketi. Amesimama. Ameketi tena.

Kweyu anasema yuko na kamati nzima ya kwaya hapo kwa lango la soko, waingilie wapi? Na anasema wazi, kuna duka lingine watapitia leo kabla hawajaamua. Mwongeli ametoka mbio kuwachukua, viatu hata hajavaa vizuri. Ndeti anapiga pasi joho la sampuli kwa pupa. Nimemwambia atulie ataliunguza. Sauti zao nazisikia nje, wengi, kuna mmoja anacheka besi kabisa —

Anti anavuta lile shuka kwenye cherehani, fundo limekataa kufunguka. Clare! Wacha kuandika, lete mkasi, ukate