Kaka, Siku ya Baada ya Fainali Sikuitetea

Kaka yangu Mabula,

Shikamoo. Ulikuwa unaitikia hata kabla sijamaliza: "Marahaba, bubu wangu! Leo umeongea na watu wangapi?" Nami nainamisha kichwa, nacheka, sijibu. Leo naongea na watu wengi mno, maana barua hii naiandika wazi mtandaoni. Sina pa kuituma. Lakini nyie wa machimboni, kinachoingia kwenye simu moja kesho yake kimeshazunguka kambi nzima. Huenda kuna mtu atakusomea.

Fainali ya mpira imekaribia tena, kaka. Hapa Ngokolo ubishi ni uleule. Hadi redioni watu wanapiga simu wanaomba serikali iifanye Jumatatu inayoifuata iwe sikukuu. Kinyozi wa jirani jana alikuwa anapiga kelele, "Tupewe siku tulale bwana! Tumeshangilia kwa niaba ya taifa!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi niliondoka. Mama aliponiuliza nina nini, nikasema kichwa kinauma.

Wewe ndiye uliyenieleza habari ya siku hiyo. Ulikuwa umekuja kutoka Geita, tumekaa nje unakula viazi, nikakuuliza kwa nini nyie hamfanyi kazi kesho yake ya fainali wakati hata shule zinafunguliwa. Ukanionyesha viganja vyako. Ukasema kwenye shimo lenu, hilo duara, anayeshuka chini roho yake iko mikononi mwa wawili walioko juu wanaozungusha winchi. "Sasa mtu amekesha, timu yake imefungwa, ana hasira na usingizi. Utampa kamba?" Ukatikisa kichwa. "Watu wanadhani tunapumzika kwa sababu ya mpira. Anayeshika kamba asishike na usingizi. Basi, ni hilo tu."

Na siku hiyo ndiyo ulikuwa unakuja nyumbani. Kwangu mimi fainali haikuwa na timu. Ilikuwa na wewe unashuka kwenye basi, begi begani, unaniita bubu kwa sauti stendi nzima inageuka.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijamwambia mtu.

Unaukumbuka ule mdahalo wa shuleni? Mwalimu wa Kiingereza alitupa mada hiyohiyo, kwamba siku ya baada ya fainali iwe sikukuu ya kitaifa. Alitugawa kwa kuhesabu, moja mbili, moja mbili. Mimi nikaangukia mbili, upande wa kupinga. Nilimfuata ofisini nikamwambia naomba nisiongee. Akasema, "Utaongea. Mpaka lini utanyamaza?" Wazazi waliruhusiwa kuja. Mama alikuwa sokoni, ukaja wewe. Ulitoka kwenye basi moja kwa moja, na shati lako la mistari, ukakaa mstari wa tatu katikati ya wazazi. Mdahalo wote ulikuwa wa Kiingereza, nawe shule uliiacha kidato cha pili ili mimi niendelee. Ulikuwa unaangalia mdomo wa kila anayeongea kama vile maneno yataonekana.

Nilisimama, kaka, nikasahau kila kitu. Nikainamia karatasi. Mtu wa nyuma akasema, "Ameanza kusali." Nikatafuta cha kusema, kilichokuja kikawa ni wewe.

Nilisema hivi, nakuandikia kwa Kiswahili sasa: "Mimi nina kaka yangu machimboni. Kesho yake ya fainali halali kitandani tu, analala hadi na viatu. Sasa taifa likimpa sikukuu, atalala na nini tena, na kofia?"

Ukumbi ukalipuka. Walimu, wazazi, wote. Nawe ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia, ukaona watu wanacheka, ukacheka pia. Ukapiga makofi kuliko wote. Ulisimama kabisa.

Ningeweza kuishia pale. Lakini kaka, nilipenda. Ndiyo mara ya kwanza nilifungua mdomo na watu wakataka niendelee. Nikaongeza kwamba watu wa namna hiyo ni wavivu na mpira ni kisingizio chao. Upande wetu ukashinda.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Hukunyamaza njia nzima.

"Nimesikia 'braza', mara mbili! Umenitaja bwana!"

"Ndiyo."

"Ulisemaje?"

Nikaangalia chini. "Nilisema anayeshika kamba asishike na usingizi."

Ukasimama katikati ya barabara, bodaboda ikatupigia honi. "Ulisema hivyo? Mbele ya walimu? Kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, kaka."

"Na walivyocheka vile?"

"Walifurahi."

Ukanishika kichwa kwa mikono miwili, hivi, ukashindwa kuongea. Mimi ndiye bubu, lakini siku hiyo bubu ulikuwa wewe.

Miezi ilipita ukanipigia simu. Ukasema mwenye duara anataka kuifuta ile siku, anasema inamrudisha nyuma, na kuna kikao. "Mimi nikisema wananiona mvivu tu. Niandikie yale maneno yako ya shuleni, kwa Kiswahili. Nitawasomea. Wakisikia ni ya msomi watatulia." Nikasema sawa kaka. Ukapiga tena, nikasema nimekaribia kumaliza. Ukapiga mara ya tatu, sikupokea.

Nilijaribu kuandika, naapa. Ningeweza kutunga mapya, usingejua. Lakini kila nikishika kalamu nilikuona umesimama mstari wa tatu unapiga makofi, nikashindwa. Kikao kikapita. Ulikwenda mikono mitupu. Baadaye rafiki yako Shija, mliyekuwa naye shimoni, alimsimulia mama kwenye simu kwamba ulisimama ukaanza kuongea, mtu akakukata, "Kalale basi na mke wako!" ukakaa. Mimi nilipokuomba radhi ulisema, "Usijali, mitihani kwanza." Hukuniuliza kwa nini. Hilo linanichoma kuliko tusi.

Fainali iliyofuata, Jumatatu yake, mkaambiwa mshuke.

Walioleta habari walituambia mwenzako wa upande wa pili wa winchi hakutokea, alikuwa bado amelala, na msimamizi akasema hawezi kusubiriwa mtu. Ukashika peke yako. Asubuhi kabisa, jua linatoka. Walisema ulisinzia kidogo tu, mshikio ukakuponyoka. Shija alikuwa bado hajafika hata nusu ya kushuka.

Shija wa Didia, rafiki yako, aliyekuwa akija nawe anakula kwetu, anamwambia mama, "Mayu, ugali wako unanifanya nisahau kwetu."

Walisema ulikaa pale mpaka maiti yake ilipotolewa. Ukamfunga kitambaa kidevuni mwenyewe. Halafu ukaondoka kwa miguu, ukaacha begi, ukaacha simu. Simu iko hapa. Mama anaichaji kila Jumapili, anasema labda ipo siku utajipigia. Polisi walishauliza, walishamaliza, hawakutafuti. Wewe ndiye unayejificha.

Kaka, unabeba peke yako kitu ambacho si chako peke yako. Ulijua siku ile ni ya hatari. Ulisema. Uliomba msaada wa mtu mmoja, nami nikauficha mkono wangu mfukoni kwa aibu. Sijui kama karatasi yangu ingembadilisha mwenye duara. Labda angecheka. Lakini ungekuwa na kitu mkononi.

Wanaobishana redioni nawasikia upande huu na ule, na sasa nina upande. Aliyeko ofisini hapa Shinyanga mjini akisinzia, karatasi itamsubiri. Kamba haimsubiri mtu. Siku hiyo ipewe watu wote, na wa winchi wapewe kwanza. Hiyo ndiyo hotuba yangu, nimeiandika, imechelewa.

Wiki iliyopita Mama Shija alikuja kutoka Didia. Mama alipomwona mlangoni alikimbilia kumtandikia mkeka, hata salamu akasahau. Yule mama akakaa chini kwenye mkeka, akakataa chai. Tulidhani amekuja kutulaani. Akasema kwa upole, "Mama Mabula, sikuja kudai. Wa mwisho kuongea na mwanangu ni mwanao. Nataka tu aniambie alisema nini kabla ya kushuka. Alikuwa amekula? Alicheka? Nikijua hilo nitalala." Mama akalia. Mimi nilikuwa jikoni nimesimama na kikombe.

Nikatoka. Nikamsalimia. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, mdahalo, uongo, simu ambayo sikupokea. Niliongea hadi mwisho. Alininyooshea mkono nimsaidie kuinuka, nikamsindikiza hadi barabarani. Alipopanda gari akasema, "Mwambie namsubiri."

Kwa hiyo nakuambia: anakusubiri. Hutaenda peke yako. Tutapanda gari la Didia asubuhi, mimi na wewe, na tukifika mlangoni kwao wewe simama nyuma yangu. Hodi nitapiga mimi.

Ni mimi mdogo wako, wa Mama Mabula.